Somo: Kuchagua mafuta ya uso yasiyoziba vinyweleo

Chunusi nyingi huanza pale mafuta ya ngozi yenyewe yanapochanganyika na seli zilizokufa na kuziba kinyweleo, na kile unachojipaka kinaweza kuzidisha hali hiyo.

Hatua ya kwanza ni kugeuza chupa. Neno "non-comedogenic" linaloandikwa mbele, kwa maana ya kwamba bidhaa haizibi vinyweleo, halina tafsiri iliyowekwa na sheria hata huko Marekani; kwa hiyo soma orodha ya viambato iliyo nyuma, ambamo chenye kiasi kikubwa hutangulia. Ukiona isopropyl myristate (kilainishi cha ngozi), siagi ya kakao au mafuta ya nazi miongoni mwa majina ya mwanzo, na uso wako ni mwepesi wa chunusi, irudishe rafuni. Yale majedwali yanayopa kila kiambato alama 0 hadi 5 kwa jinsi kinavyoziba vinyweleo yasikutie hofu kupita kiasi, kwani mengi yalitokana na majaribio ya masikio ya sungura, ambayo huziba upesi kuliko uso wa mtu.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuchunguza kichwani. Mwaka 1970 madaktari Plewig, Fulton na Kligman walieleza chunusi za paji la uso zinazoletwa na mafuta mazito ya nywele. Mpwa wangu alibadilisha krimu tatu bure, ilhali chunusi zake zilijipanga kama ushanga chini ya nywele na foronya yake ilikuwa na doa la manjano la mafuta. Alipoanza kupaka mafuta yake ya nywele kwenye ncha tu, paji lilitulia baada ya miezi miwili hivi.

Hatua ya tatu ni kujaribu bidhaa moja tu, upande mmoja wa taya, kwa wiki 4 hadi 6, kwa kuwa kinyweleo huziba polepole.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, bibi yangu alipaka mafuta ya nazi usoni maisha yake yote bila chunusi hata moja. Imekuwaje?
Jibu: Ngozi hutofautiana, dada. Kama umerithi ya bibi, endelea. Kama sivyo, yabaki ya mikono na miguu.

Swali: Na mafuta ya mgando?
Jibu: Yakiwa safi, yasiyochanganywa na kitu, kwa kawaida hayazibi. Nawa uso kwanza, kisha upake kiasi kidogo.

Swali: Uso wangu unang'aa mafuta kufikia saa sita mchana. Niache kupaka kabisa?
Jibu: Hapana. Tafuta losheni nyepesi ya maji yenye glycerin, kiasi cha punje ya njegere.