Somo: Kumchagua wakili wa nyumba mtandaoni, England na Wales

Wanachama, salaam. Wengi wenu mnanunua au kuuza nyumba na mnatafuta wakili kwa simu, usiku baada ya kazi. Somo hili ni la England na Wales. Scotland ina sheria na utaratibu wake. Msimamo wangu ni huu: bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini ndiyo ya kutazamwa mwisho. Wakili huyu atashika akiba yenu ya miaka mingi kwenye akaunti yake. Mjueni kwanza ni nani.

Hatua ya 1: Hakikisha yupo kweli

Kazi hii hufanywa hasa na watu wa aina mbili. Yupo solisita (solicitor), wakili wa mambo mengi ya sheria, anayesimamiwa na Solicitors Regulation Authority, yaani SRA. Yupo pia mtaalamu wa kuhamisha umiliki wa nyumba, mwenye leseni ya Council for Licensed Conveyancers, yaani CLC. Wote ni halali. Lakini nyumba ikiwa na mirathi, talaka au ugomvi wa mpaka, mimi ningekwenda kwa solisita.

Tovuti ya kampuni ya solisita lazima iwe na nembo ya SRA. Ibofye, ikupeleke kwenye ukurasa wa SRA wenye jina la kampuni. Usiishie hapo, maana matapeli hunakili tovuti nzima. Fungua mwenyewe daftari la SRA au CLC, tafuta kampuni, kisha linganisha anwani na nambari ya simu, tarakimu kwa tarakimu.

Hatua ya 2: Iulize benki

Kama unachukua mkopo, kampuni iwe kwenye orodha ya mawakili wa benki yako. Isipokuwemo, mara nyingi benki huweka wakili wake wa ziada na gharama inakuangukia wewe. Ukiona kampuni ina cheti cha Conveyancing Quality Scheme, yaani cha ubora wa kazi ya kuhamisha umiliki wa nyumba, kinachotolewa na Law Society, chama cha masolisita, ni dalili nzuri.

Hatua ya 3: Fungua makadirio yote

Tangu Desemba 2018 SRA inazitaka kampuni zake zitangaze bei za kazi hii. Gawa makadirio mafungu mawili: ada ya wakili pamoja na VAT, na pesa anazolipa kwa niaba yako, kama upekuzi (searches, yaani kuuliza kumbukumbu kuhusu nyumba) wa halmashauri, wa maji na wa mazingira, ada ya HM Land Registry, msajili wa ardhi, na ushuru wa stempu, kodi ya serikali kwa anayenunua nyumba.

Halafu tafuta nyongeza, kwani ndiko gharama za bei rahisi hujificha. Fleti ya lisi (leasehold), unayoimiliki kwa miaka maalumu tu? Nyongeza. Zawadi ya mzazi kwenye amana, yaani malipo yako ya mwanzo? Nyongeza. Kujaza fomu ya ushuru, kutuma pesa benki, kila kimoja na bei yake. Omba jumla kwa maandishi. Na wakikuahidi kwamba mauzo yakivunjika hudaiwi ada, fahamu kuwa ahadi hiyo ni ya ada tu. Pesa za upekuzi uliokwisha kufanywa hazirudi.

Dalali akikutajia wakili, uliza analipwa nini kwa kukupeleka. Wakili anapaswa kukuambia, na hulazimiki kumtumia.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kulipa

Uliza: faili langu atashika nani, kwa jina? Akienda likizo nani anaendelea? Nitampata kwa simu yake mwenyewe? Wakishindwa kutaja jina, tafuta kwingine. Katika maoni ya wateja soma hasa yale ya nyota mbili na tatu. Huko ndiko watu husimulia kilichotokea. Wauzaji, fanyeni haya kabla nyumba haijatangazwa.

Hatua ya 5: Linda pesa

Chukua nambari ya akaunti ya kampuni mwanzoni, na uithibitishe kwa simu uliyoipata kwenye daftari. Barua pepe ikisema akaunti imebadilika, hata ikiwa na jina la wakili wako na nambari ya faili yako, usitume hata senti. Wezi huingia kwenye barua pepe, husoma kimya kimya, na hungoja wiki ya kulipa amana.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Leicester:* Dada, sehemu ya amana inatoka kwa wazazi Tanga, nyingine ni ya kikoba. Itakubaliwa?

Kaka, itakubaliwa ikiwa na karatasi. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamtaka wakili ajue pesa zimetoka wapi. Wazazi waandike barua kwamba ni zawadi, si mkopo, waambatanishe kitambulisho na taarifa za benki. Kama waliuza shamba, mkataba wa mauzo pia. Kwa kikoba, onyesha michango ikitoka kwenye akaunti yako mwezi kwa mwezi. Uliza mapema, kwani baadhi ya kampuni hazipokei pesa kutoka nje.

*Mwanachama, London:* Nina nyumba Mombasa niliyorithi. Hapa sijawahi kununua. Nitapata nafuu ya ushuru wa stempu ya mnunuzi wa mara ya kwanza?

Hapana, dada. Nyumba popote duniani inahesabiwa, hata ya urithi. Kwa viwango vya England vya tangu Aprili 2025, nyumba ya pauni 280,000 haimtozi ushuru mnunuzi wa mara ya kwanza. Wewe ungelipa 4,000. Na kama sehemu yako ya Mombasa ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, kwa kawaida huongezwa asilimia 5 ya bei yote, yaani 14,000, jumla 18,000. Mweleze wakili siku ya kwanza. Kiwanja kitupu ni jambo jingine, lakini kitaje pia. Wales ina kodi yake.

*Mwanachama, Reading:* Wakili wangu hajibu barua pepe wala simu. Nifanyeje?

Andika malalamiko rasmi kwa kampuni, ukitaja tarehe za kila ujumbe. Zikipita wiki 8 bila suluhisho, nenda Legal Ombudsman, chombo cha kusikiliza malalamiko dhidi ya mawakili, hulipi kitu. Kampuni ikikupa jibu la mwisho, una miezi 6 ya kupeleka shauri huko. Kubadili wakili katikati inaruhusiwa, ila utalipia kazi iliyofanyika, na wakili wa zamani anaweza kuzuia faili mpaka ulipe. Kwanza uliza kama kuna mwenzake ofisini anayeweza kulichukua.