Jetiski ya kwanza: angalia chumvi kabla ya rangi

Mimi jetiski yangu ya kwanza, hii pikipiki ya majini, niliinunua kwa macho. Nyekundu, imepigwa polishi inang'aa, jamaa akaiwasha pale pale nchi kavu ikaunguruma sekunde kumi hivi, nikatoa hela. Wiki ya pili nipo katikati ya Msasani na kisiwa cha Bongoyo, Dar, ikazima, nikavutwa na mtumbwi wa wavuvi huku wananicheka mpaka ufukweni, na fundi kufungua akakuta impela (panga la ndani ya pampu linalosukuma maji) imeliwa na silinda moja haina kompresheni, yaani mgandamizo, kabisa. Kumbe ilikuwa ya kukodisha kwa watalii, na kile kioo cha kuonyesha saa za injini eti "kimesumbua kidogo tu".

Kwa hiyo ukienda kuangalia, swali la kwanza ni hii kitu imekula chumvi kiasi gani na nani alikuwa anaiosha.

Jetiski haina kilomita, inahesabiwa saa za injini. Mtu anayetoka nayo wikiendi tu anaweka kama saa 30 mpaka 50 kwa mwaka, so ya miaka mitano yenye saa 200 wala usiogope. Yenye saa 20 jiulize ilikuwa imelala wapi muda wote huo, maana kulala nako kunaua, petroli inaharibikia kwenye tenki, betri inakufa, vyuma vinashika kutu. Za biashara zinafika mamia mpaka elfu na jamaa akikwambia "ni ya bosi mmoja haitumii" muombe fundi achomeke kompyuta, foo-stroki (injini za mipigo minne) nyingi za kisasa zinatunza saa kwenye ubongo wa injini na kama iliwahi kuchemka pia inaonekana. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kampuni utakazokutana nazo ni Yamaha, Sea-Doo ya Kanada na Kawasaki (hilo jina la jetiski lenyewe ni la Kawasaki, limekuwa kama tulivyozoea kuita kila sabuni ya unga Omo). Ushauri wangu kwa anayeanza ni Yamaha VX au EX yenye injini ya cc 1049, silinda tatu, haina supachaja (kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada iwe na nguvu zaidi), na mafundi wa mashine za boti pwani wameizoea Yamaha toka utotoni. Sea-Doo Spark nayo nzuri, nyepesi, kama kilo 190, farasi 60 au 90, mkiwa watu wanne mnaisukuma kwenye mchanga bila kuita trekta, ila kusi ikivuma itakurusha kama mbuzi na utalowa mpaka kope. Sea-Doo ina faida nyingine, injini yake inapozwa na kulanti inayozunguka ndani kama gari, wakati Yamaha na Kawasaki zinapitisha maji ya bahari yenyewe ndani ya injini. Lakini hakikisha unapewa ufunguo wake orijino, kwa sababu umesetiwa na chombo hicho tu, ukipotea haiwaki mpaka umpate mwenye kompyuta ya Sea-Doo, na hao huku ni wa kutafuta kwa tochi.

Zenye supachaja achana nazo kwanza. Farasi 300 ukiibana mpaka mwisho inakaribia lita 100 kwa saa, piga hesabu na bei ya petroli ya leo halafu rudi tuongee. Na zile Sea-Doo za zamani za supachaja zilikuwa na washa (ringi ndogo bapa) za kauri ndani yake, zikipasuka vipande vinaingia kwenye injini na ndio mwisho wa hadithi. Tu-stroki (za mipigo miwili) za zamani pia ni bei rahisi na zinavutia, ila kama huna fundi wa kabureta utakuwa unaimiliki tu, huendeshi.

Siku ya kukagua nenda na fundi wako, sio wa muuzaji, na ukifika gusa injini kwanza, ikiwa ya moto ujue imeshaamshwa kabla hujafika, usione kama inagoma kuwaka ikiwa baridi. Nyanyua kiti unuse kama kuna petroli, angalia alama ya maji yalipowahi kufika. Chomoa stiki ya oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia. Pima kompresheni, silinda zisipishane zaidi ya 10 psi (kipimo cha presha) hivi. Halafu lala chini kabisa umulike pampu kwa tochi, kingo za impela ziwe safi, zikiwa zimetafunwa imemeza mawe na mchanga. Nyuma ya bodi kuna namba ya herufi na tarakimu 12, mbili za mwisho ni mwaka wa modeli, linganisha na karatasi.

Kisha majini, angalau dakika 20. Injini ikipiga kelele juu lakini chombo hakisogei vile, impela au ringi inayoizunguka imekwisha.

Ya kutoka Dubai kumbuka Ghuba ina chumvi kali kuliko bahari yetu. Ya Mwanza imeishi maji baridi, hiyo ni bahati, ila kagua kama magugu maji hayajaiziba pampu. Usajili uliza kabla hujalipa kwa mamlaka ya vyombo vya majini, Tanzania bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA, na kama unaagiza nje mpe wakala wa forodha modeli na mwaka akupe hesabu kabla ya kutuma hela. Trela zungusha matairi kwa mkono, beringi za trela la baharini huwa zimeoza.

Sasa kitu ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia: ukiachia mafuta haikati kona. Usukani unafanya kazi kwa maji yanayosukumwa na pampu, so ukiogopa ukaachia utaenda moja kwa moja kwenye kile ulichokuwa unakikwepa. Breki zilianza kuwekwa kwenye Sea-Doo mwaka 2009 na kwenye Yamaha 2015, ila modeli za bei ya chini mara nyingi hazina, uliza. Jifunze asubuhi, siku za maji mafu, sio bamvua linapokupwa na kukuacha juu ya mwamba. Paje na Jambiani kule Zanzibar kaa mbali na mashamba ya mwani, kamba moja ikiingia kwenye pampu umekwama na umemwaga jasho la akina mama wa watu. Kamba ya kuzimia injini (ukianguka inachomoka, injini inazimika) funga mkononi au kwenye laifujaketi, na anayekaa nyuma avae suruali ya wetisuti (ile nguo nzito ya mpira ya wapiga mbizi), nguo ya kawaida ya kuogelea haitoshi, akianguka nyuma ya pampu yale maji yanaingia mwilini kwa njia ambazo sitazitaja hapa, na ni hospitali kabisa.

Ukirudi osha. Unganisha bomba, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na kumaliza unafunga maji kwanza ndipo unazima. Ukikosea mpangilio maji yanaweza kurudi ndani ya injini.

Kama nyumbani huna maji ya uhakika, nunua simtanki kwanza.