Stockholm bila kukamuliwa

Stockholm ni mji ghali, lakini pesa za mgeni huvuja sehemu tatu hasa: njia ya kutoka uwanja wa ndege, chakula cha jioni na teksi. Hizo tatu zinazibika ukizijua kabla ya kufika. Kwa makadirio ya haraka, hesabu krona 10 za Sweden kama dola moja ya Marekani.

Viza na mzigo

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) ya muda mfupi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Usiikaribie hiyo tarehe ya mwisho, kwani siku 15 ndio muda wa kawaida wa kushughulikia faili, na unaweza kurefushwa hadi 45. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen. Sweden inataka pia uonyeshe krona 450 kwa kila siku utakayokaa. Akaunti iliyokuwa kavu miezi mitatu kisha ikajaa ghafla wiki ya maombi huzua maswali kuliko akaunti ndogo yenye mzunguko wa kawaida.

Wanaokwenda kwa ndugu hubeba vyakula, na hapo forodha huwa haina mchezo. Nyama na maziwa haviingii, na samli inahesabiwa kuwa maziwa. Maembe na pilipili mbichi hunyang'anywa kwa sababu matunda na mboga hutakiwa cheti cha afya ya mimea. Ndizi, mananasi, nazi na tende hazihitaji cheti hicho. Dagaa na samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Beba na adapta: soketi za Sweden ni za pini mbili za mviringo, na chaja ya pini tatu bapa haiingii.

Kutoka Arlanda

Uwanja wa Arlanda uko kaskazini, kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji. Vibao vikubwa vitakuelekeza kwenye treni ya Arlanda Express, inayofika kwa dakika 20 hivi na kutoza zaidi ya krona 300. Treni ya kawaida ya abiria, pendeltåg, nayo huingia uwanjani, lakini juu ya nauli kuna tozo nzito ya kupita stesheni ile, kwa sababu stesheni hiyo inaendeshwa na kampuni binafsi.

Njia ya wenyeji wasio na haraka ni hii. Panda basi namba 583 nje ya jengo la abiria mpaka Märsta, kama dakika 20. Hapo hapo panda pendeltåg hadi Stockholm City, stesheni iliyo chini ya stesheni kuu, dakika 40 nyingine. Safari nzima inalipwa kwa tiketi moja ya SL, shirika la usafiri la mkoa, inayozidi krona 40 kidogo.

Tiketi ya SL

Tiketi moja inadumu dakika 75 na inashika treni ya chini ya ardhi, basi, tramu, pendeltåg na hata baadhi ya vivuko. Huhitaji kununua kitu: gusisha kadi ya benki kwenye kisomeo cha geti au cha basi. Makosa hutokea sehemu mbili. La kwanza, kila mtu awe na kadi yake. Kadi moja haiwavushi mume na mke. La pili, ukianza na kadi ya plastiki kisha ukagusisha simu yenye kadi ile ile, mashine inaziona kama kadi mbili na kukata nauli mara mbili. Shika kimoja siku nzima. Dereva wa basi hapokei pesa taslimu, na ukikamatwa bila tiketi faini ni krona 1,500. Anayekaa siku tatu na kuhangaika kutwa nzima, tiketi ya saa 72 inamfaa zaidi.

Pesa taslimu kwa jumla zina kazi ndogo. Migahawa mingi na hata vyoo vya kulipia huchukua kadi tu, kwa hiyo usibadilishe dola uwanjani. Wenyeji hulipana kwa simu kupitia Swish, lakini huduma hiyo inataka akaunti ya benki ya Sweden. Kabla ya kuondoka, waambie benki yako wafungue matumizi ya nje ya nchi, na ubebe kadi ya pili.

Siku ya kwanza: meli na visiwa

Mji umekaa juu ya visiwa 14, hivyo anzia majini. Kutoka Slussen, karibu na mji mkongwe, kuna kivuko kidogo cha kwenda kisiwa cha Djurgården, ambacho tiketi yako ya SL inakilipia. Wageni wengi hulipia boti za utalii ghali kupita humo humo.

Djurgården ndiko lilipo jumba la makumbusho la Vasa, na kama muda unakutosha sehemu moja tu, nenda hapo. Meli hii ya kivita ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya kwenda kama mita 1,300 tu. Iliibuliwa mwaka 1961, na karibu yote unayoiona ni mbao zake za asili. Simama ubavuni na utazame safu ya chini ya matundu ya mizinga. Meli ilikuwa nzito juu na nyembamba chini. Upepo ulipoilaza kidogo, maji yaliingilia kwenye matundu hayo yaliyokuwa wazi. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa upande hadi upande kuijaribu, na jaribio likasimamishwa kwa hofu kwamba ingepinduka pale pale gatini. Ikaondoka hivyo hivyo. Kiingilio ni kama krona 200, walio chini ya miaka 18 bure. Fika mlango unapofunguliwa, na uvae sweta hata Julai, kwa maana ndani huwa nyuzi 18 hadi 20 ili kulinda mbao.

Mchana rudi Gamla Stan, mji mkongwe. Kichochoro cha Mårten Trotzigs gränd kina upana wa sentimita 90 mahali chembamba zaidi. Begi la mgongoni linakwaruza ukuta. Tembea, piga picha, usile huko.

Picha za chini ya ardhi

Stesheni za treni zimechorwa na kuchongwa na wasanii, na hili ndilo onyesho la bei rahisi kuliko yote mjini. Anza T-Centralen, ngazi ya njia ya buluu, kisha shuka Rådhuset, halafu Solna centrum yenye pango jekundu. Panda namba 11, si 10: zote mbili huondoka jukwaa moja, lakini huachana baada ya Västra skogen, na ya 10 haifiki Solna centrum.

Kula

Mlo mkubwa uwe wa mchana. Siku za kazi, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, migahawa huuza dagens rätt, chakula cha siku, kwa krona 120 hadi 160, na mara nyingi mkate, saladi na kahawa vimo ndani. Sahani kama hiyo jioni inaweza kukaribia bei mara mbili. Maji ya bomba ni salama. Kununua ya chupa ni kutupa hela.

Mwanga na sala

Katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa 2:45 asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 alasiri, basi panga mambo ya nje kabla ya chakula cha mchana. Juni ni kinyume chake: jua huzama baada ya saa 4 usiku, na giza kamili haliingii. Kwa Muislamu, nyakati za Isha na Alfajiri hazikadiriki kwa macho. Fuata ratiba ya msikiti mkuu ulio Södermalm, karibu na stesheni ya Medborgarplatsen. Epuka pia kufika Ijumaa ya Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kati ya tarehe 19 na 25 Juni: wenyeji huhamia mashambani na milango mingi hufungwa.

Teksi

Bei za teksi Sweden hazipangwi na serikali, na gari lolote lenye leseni linaweza kutoza linavyotaka. Kwenye dirisha la mlango wa nyuma kuna lebo ya njano yenye tarakimu kubwa, ambayo ni bei ya mfano ya safari ya kilomita 10 na dakika 15. Linganisha lebo za magari mawili matatu kabla ya kufungua mlango. Hakuna sheria ya kupanda gari la mbele ya foleni. Ukiona tarakimu ni mara mbili ya ya jirani yake, pita. Kutoka uwanjani, kubalianeni bei moja ya safari nzima kabla mzigo haujaingia kwenye buti.