Kabla ya kulipia studio ya mazoezi Dar es Salaam

Jimu ya mtaani na studio ndogo ya mazoezi zinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Jimu unalipia mlango na vyuma. Ukishaingia, kila mtu na lake. Studio unakuta watu wanane au kumi na wawili chumba kimoja na mwalimu mmoja, dakika 45 au 50, na kinacholipiwa hapo ni jicho la mwalimu huyo. Jicho lisipokuwepo, umelipa bei ya Masaki, mtaa wa wenye nazo, kwa mazoezi ambayo ungeyapata sebuleni kwa kufuatisha video. Ndiyo maana nashauri uchaguzi wako uanzie kwa mwalimu, halafu ndiyo uje kwenye vioo na taa.

Ratiba na bei nyingi zinawekwa Instagram, kwa hiyo kuzitafuta huko ni sawa. Ila rudi nyuma kwenye picha za miezi sita iliyopita uone kama walimu ni walewale. Sura zikibadilika kila mwezi, uliza kwa nini. Ukimpata mtu aliyekaa pale zaidi ya miezi mitatu, neno lake lina uzito kuliko la aliyejiunga juzi. Na kama una mtaalamu wa fiziotherapia unayemfahamu, muulize yeye kwanza: watu wa kazi hiyo ndio wanaopokea magoti na migongo iliyoharibiwa na mazoezi mabaya.

Afya yako uijue kabla ya kuingia. Mwenye presha, kisukari, pumu, ujauzito au mgongo uliowahi kumsumbua aongee na daktari, kisha amwambie mwalimu bila kuona haya. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, naitaja peke yake kwa sababu kwetu ni ya wengi: hata mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote anajiona mzima, anaweza kuzidiwa akisukumwa kwa nguvu kwenye joto bila maji. Studio inayojali itakupa fomu ya maswali ya afya siku ya kwanza, na mwalimu ataisoma kabla muziki haujawashwa. Fomu ikichukuliwa na kutupwa kwenye droo, umeshapata jibu la kwanza.

Umbali upime kwa saa, kilomita zitakudanganya. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limerahisisha kutoka mjini hadi Oysterbay, lakini kutoka huko jioni kuelekea Mwenge na Mbezi Beach foleni ni ileile. Jaribu safari siku na saa utakayokuwa unakwenda kweli, kwa usafiri wako wa kawaida. Fikiria na masika pia: maji yakijaa Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama. Mtu wa Kimara au Tabata akipata mwalimu makini jirani na nyumbani, hata kama chumba ni cha kawaida, atafika mara nyingi kuliko akiwa na kadi ya Masaki.

Sasa kipindi cha majaribio, na hapa usiwe na haraka. Lipia kimoja tu, ufike robo saa kabla. Kama ni baiskeli za ndani, angalia wanavyokupandisha. Mwalimu anatakiwa akusimamishe kando ya baiskeli, kiti kije usawa wa mfupa wa nyonga, kisha upande na ushushe pedeli hadi chini aone goti limekunjika kidogo. Goti likinyooka kabisa, kiti kiko juu mno. Likibaki limekunjika sana, utaliumiza taratibu. Kazi hiyo haichukui hata dakika tatu, na asiyeifanya kwa mgeni hataifanya kwa mwenyeji. Kama ni pilates ya mashine, yaani mazoezi ya kukaza misuli juu ya kitanda kinachoteleza na kuvutwa na springi, uliza springi hizo zinakaguliwa lini na nani. Muulize pia mwalimu kwa nini amekuwekea springi mbili na jirani yako tatu. Anayejua kazi atakueleza kwamba kuna mienendo ambayo springi chache ndizo zinazoifanya iwe migumu, kwa sababu kitanda kinateleza na tumbo lako ndilo linalokizuia.

Kipindi kikiendelea, mtazame yeye. Anatembea kati ya watu au amesimama mbele anafanya mazoezi yake mwenyewe? Anayeshindwa anapewa namna nyepesi, au anapigiwa kelele aongeze? Muziki nao upime. Zipo programu za simu zinazosoma desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, sikio linavumilia desibeli 100 kwa dakika 15 tu, na kipindi chako ni mara tatu ya hapo.

Umeme ukikatika inakuwaje? Wengi watakujibu jenereta ipo. Uliza zaidi: inaendesha na viyoyozi, au taa na spika tu? Mwezi wa pili Dar, chumba kilichofungwa chenye watu kumi wanaotoka jasho bila hewa ni hatari. Angalia bafu kama maji yanatoka, hasa kama utatokea pale kwenda kazini. Kina dada wanaovaa hijabu waulize kama kuna vipindi vya wanawake peke yao, mwalimu akiwa mwanamke na kamera zikiwa mbali. Waulize pia ratiba ya Ramadhani, ihamie baada ya futari au ibaki palepale. Na yeyote asiyetaka kurushwa mtandaoni aseme mapema, maana video hupigwa karibu kila kipindi.

Kuhusu hela, kadi ya vipindi kumi ni nafuu pale tu utakapoimaliza. Ikiwa inakwisha muda baada ya siku 30, maana yake uende kila baada ya siku tatu bila kukosa. Uliza kama inasimamishwa ukiugua au ukisafiri, na kama ukiahirisha usiku wa kuamkia kipindi unakatwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Vipindi viwili vya baiskeli kwa wiki, ukivifanya kwa ukali, vinatosha upande wa moyo, lakini mikono na mgongo bado vitakudai.

Usilipie mwezi siku hiyohiyo, hata ukiambiwa punguzo linaisha leo. Subiri siku mbili tatu uusikilize mwili. Kuuma kwa kawaida hupungua. Mapaja yakivimba na kukaza, au mkojo ukawa mweusi kama kola, nenda hospitali papo hapo, kwani misuli iliyovunjika huweza kuharibu figo, na imewapata watu waliopanda baiskeli hizo mara ya kwanza tu. Ukiwa salama na ukaridhika, lipa kwa lipa namba yenye jina la studio, uombe risiti iliyoandikwa tarehe kadi inapoanza na inapokwisha.