Jinsi ya kujua kama ni msongo unaokupandishia sukari

Sukari ikigoma kushuka, watu husema "ni mawazo" na mjadala unaishia hapo. Huenda ni kweli, ila stripu (vijiti vya kupimia) zilizoharibika, dawa ya maumivu ya viungo au krimu ya ngozi huleta namba zilezile. Pima kwa mpango wiki moja ndipo uamue.

Kwanza elewa kinachotokea. Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini, na ini huanza kumwaga sukari lililoihifadhi. Msongo ukiendelea, homoni nyingine ya tezi hizo, kortisoli, huliamuru ini litengeneze sukari mpya kutokana na protini, huku misuli ikizidi kuwa sugu kwa insulini. Kongosho lenye afya huongeza insulini, mambo yakatulia. Mwenye kisukari hana akiba hiyo, hivyo sukari inapanda hata kama hajala kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine ya kupimia haikudanganyi. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri. Kidole kilichomenya embe husoma sukari ya embe. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi. Funga kopo la stripu mara tu unapotoa moja. Unyevunyevu wa pwani huziharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mashine nzuri huweza kukosea kwa hadi asilimia 15, kwa hiyo 8.0 na 8.8 zisikusumbue. Mwenye upungufu wa damu huweza kusomewa namba iliyo juu kuliko hali halisi.

Hatua ya 2: Pima mara nne kwa siku, siku 7. Ukiamka kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni, na kabla ya kulala. Usiku miwili amka saa 9 upime. Hizo ni stripu 30. Kopo la 50 litabakiza za kurudia na za kupima baada ya matukio.

Hatua ya 3: Andika tukio, usiandike "stress". Daftari liwe na saa, namba, chakula, dawa, saa za usingizi na kilichotokea. Mfano wa mistari mitatu inayosomeka (namba ni mmol/L, kama mashine yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18):

Saa 5:10 asubuhi, 7.2, sijala tangu chai ya saa 1.
Saa 5:50, 9.6, nimetoka kugombana na mwenye nyumba kwenye simu.
Saa 8:00 mchana, 7.5, bado sijala.

Hatua ya 4: Soma mwenendo. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kilele kinachofuata tukio na kushuka chenyewe, kama hapo juu, ndiyo sura ya msongo. Kikijirudia kwenye matukio matatu manne, una jibu.

Saa 9 usiku namba nzuri, asubuhi imepanda: ni homoni za alfajiri, kortisoli ikiwemo. Huongezeka kwa kila binadamu kabla ya kuamka, hata asiye na wasiwasi wowote. Mpelekee daktari namba hizo, huenda dawa ya usiku ikahitaji kurekebishwa.

Chini ya 4 wakati wowote: sukari imeshuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Jasho na moyo kwenda mbio hapa pia ni kazi ya adrenalini, ndiyo maana huwezi kuitofautisha na wasiwasi bila kupima.

Asubuhi nzuri, alasiri na jioni juu: tafuta steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli. Vidonge vya prednisoloni vinavyomezwa asubuhi huleta sura hii hasa. Sindano za viungo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Halafu kuna mkorogo: kama kwenye krimu moja pameandikwa clobetasol au betamethasone, unajipaka homoni kila siku. Usiache ghafla ulichotumia muda mrefu, kwa sababu tezi zako zimelala na presha inaweza kuporomoka. Daktari akupunguzie taratibu.

Hatua ya 5: Jaribu jambo moja kwa wiki. Anza na kutembea dakika 20 mara baada ya tukio. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kungoja insulini nyingi. Wiki inayofuata, rekebisha usingizi ufike saa 7. Usijiongezee insulini kwa sababu ya ugomvi: adrenalini itaisha, insulini itabaki, na sukari itashuka kupita kiasi. Sukari zaidi ya 15 pamoja na kutapika au kupumua kwa kasi haitibiwi kwa kutembea, nenda hospitali.

Hatua ya 6: Lini uombe kipimo cha kortisoli. Si kwa kila mwenye mawazo. Omba ukiona uso umekuwa wa mviringo, michirizi mipana ya zambarau tumboni, michubuko isiyo na sababu, na unashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Mara nyingi utapewa deksamethasoni miligramu 1 saa 5 usiku, kisha damu ichukuliwe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Kabla ya hapo taja krimu zako zote, na vidonge vya uzazi wa mpango pia, maana vyenye estrojeni huweza kupandisha jibu kwa uongo.