Neno refu la Kiholanzi, lianzie mkiani

Bahasha ya manispaa ikifika, ndani kuna afvalstoffenheffing na pesa za kulipa. Wageni huniletea barua hizi jikoni kwangu hapa Rotterdam, na karibu wote wana ugonjwa mmoja: wanaanza kusoma kushoto, wakifika katikati wanakwama.

Wewe shika penseli uende mwisho wa neno. Mholanzi huliweka neno kuu mwishoni. Yaliyotangulia yanalifafanua tu. Hapa mwisho ni heffing, yaani tozo. Basi ushajua barua inataka nini. Kabla yake kuna stoffen, vitu, na kabla ya hapo afval, taka. Piga mistari: afval/stoffen/heffing. Sasa rudi kinyumenyume ukitia "ya" yetu: tozo ya taka. Vivyo hivyo suikerziekte ni ugonjwa wa sukari, na ziekenhuisbed ni kitanda cha hospitali.

Neno la mwisho ndilo linaloamua pia de au het, yale maneno mawili madogo yanayotangulia nomino, kama sisi tunavyosema "kitanda cha hospitali kimevunjika", hata hospitali ingekuwa kubwa namna gani. Tafel (meza) ni de, blad (ubao) ni het. Kwa hiyo het tafelblad, ubao wa meza.

Viungo, yaani mahali vipande vinaposhikana, utavionaje? Tafuta s. Neno lililoishia -ing, -heid au -teit likiunganishwa na jingine, karibu kila mara hupachikwa s: verzekeringspremie (malipo ya bima), veiligheidsgordel (mkanda wa usalama). S hiyo ni mali ya upande wa kushoto. Ukikutana na "ings" au "heids" katikati ya msitu wa herufi, kata hapohapo baada ya s. Alama nyingine ya kiungo ni en, kama pannenkoek (chapati ya maji), neno ambalo kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1995 liliandikwa pannekoek. Ukiliona hivyo kwenye kitabu cha zamani cha mapishi, usihangaike.

Kwenye kutamka, kata viungo kwanza, silabi baadaye. Hapa ndipo midomo yetu inapotuponza, maana tumezoea silabi iishie kwa irabu. Avondeten, chakula cha jioni, mtu wa kwetu husoma a-von-de-ten. Kiungo kiko baada ya d: avond/eten, ndiyo a-vond-e-ten. Na massagebed ni massage/bed, kitanda cha kukandwa. Ukikosea mahali pa kukata unapata massa/gebed, sala ya halaiki. Waholanzi wenyewe huchekea hilo.

Ndani ya kila kipande, konsonanti pacha hugawana: stof-fen, hef-fing. Kwa hiyo af-val-stof-fen-hef-fing, silabi sita, na mkazo uko kwenye af, mwanzoni kabisa. Sisi tunaokaza silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa kuutupa kwenye hef. Jizuie, la sivyo karani atakuomba urudie.

Irabu zikigongana kwenye kiungo na zinaweza kusomwa kama sauti moja, wao wenyewe hukusaidia kwa kistari: zee-egel (kiumbe wa baharini mwenye miiba), auto-ongeluk (ajali ya gari).

Jaribu sasa arbeidsongeschiktheidsverzekering. Mkia ni verzekering, bima. Rudi nyuma: heids, kata. Ongeschiktheid, kutofaa. Beids, kata. Arbeid, kazi. Ni bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Isome ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring, na pumzi uivute kwenye viungo.