Malkia wa sisimizi kabla ya baridi: mwache

Swali ninaloulizwa sana na wafugaji wa sisimizi kuanzia Septemba ni hili: "Malkia wangu hali chochote, nimfanyeje?" Usimfanye kitu. Nazungumzia Lasius niger, sisimizi mweusi wa huku Ujerumani anayeruka kwa makundi siku za joto za Julai na Agosti. Akishapandana angani, malkia anashuka, anajikata mabawa na kujifungia shimoni. Misuli ya mabawa haimfai tena, kwa hiyo mwili unaiyeyusha, na akiba hiyo pamoja na mafuta ya tumboni ndiyo inayomlisha yeye na watoto wa kwanza. Asali unayomsukumia humo ndani inaleta ukungu tu.

Makazi yake ni tyubu ya kioo ya maabara. Jaza maji theluthi moja, sukuma pamba mpaka ilowe vizuri bila kuacha kiputo, muingize malkia, kisha ziba mdomo kwa pamba kavu isiyokazwa sana ili hewa ipite. Funga tyubu kwa karatasi ya foili, iweke kwenye droo iliyo mbali na mashine ya kufulia. Mtikisiko unamsumbua kuliko unavyodhani, na malkia aliyesumbuliwa hula mayai yake. Kuchungulia mara moja kwa wiki kunatosha. Najua mkono unawasha.

Kabla ya Oktoba, jua ana nini. Akiwa na wafanyakazi, wale wadogo wa kwanza, hao ndio wa kulishwa: tone la maji ya asali lisilozidi kichwa cha kiberiti, juu ya kipande cha foili, na kipande cha nzi au nyenje aliyetiwa maji ya moto kwanza ili kuua utitiri. Mabaki yatoe kesho yake. Baridi ikikaribia punguza nyama, sukari iendelee. Akiwa na mabuu tu, usihangaike, yanavuka baridi salama. Mayai ndiyo kwa kawaida hayavuki.

Angalia maji pia. Yakikaribia kwisha, unganisha tyubu mpya mdomo kwa mdomo kwa utepe, ifunike hiyo mpya na uiache ya zamani kwenye mwanga. Atahama mwenyewe, usimgongegonge atoke. Fanya hivyo sasa, si Januari.

Kumpoza kwa ajili ya usingizi wa baridi kuende taratibu. Mtoe sebuleni umweke kwenye ngazi au dirisha lenye nyuzi 15 hivi, baada ya wiki moja au mbili mpeleke penye 10, ndipo aingie stoo ya chini ya nyumba au friji, nyuzi 5 hadi 8, mpaka Machi. Friji ina ukuta wa nyuma unaogandisha, basi tumia droo ya mboga, na weka kipimajoto humo siku mbili kabla yake. Andika juu ya boksi kuna nini, hasa kama unaishi na wenzako.

Ukinunua malkia vuli, muulize muuzaji alikuwa anamweka nyuzi ngapi. Na tafadhali, usishawishike na Messor cephalotes, yule mwekundu mkubwa wa kwetu Afrika Mashariki. Yeye hana usingizi huu wa baridi, na biashara yake imeshawafikisha watu kortini: Mei 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walihukumiwa Nairobi faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela, baada ya kukutwa Naivasha na malkia wapatao 5,000.

Akiwa baridini, angalia maji mara moja kwa mwezi. Ukimkuta amelala ubavu, miguu imekunjwa, usimtupe. Mlete penye nyuzi 15, subiri masaa kadhaa, kisha tazama vipapasio vya kichwani. Vikicheza, mrudishe.